Mchicha, kabichi na sukuma: niliyokuja kuyajua baada ya kuambiwa damu imepungua

Mwaka 2019 nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, wiki ya 22 hivi, nikaenda kliniki kama kawaida, nikapimwa wingi wa damu (hemoglobini), ikatoka 9.4. Nesi akaandika kwenye kadi, akanipa vidonge vya kuongeza damu, akaniambia "mama, kula mboga za majani kwa wingi", halafu akaita anayefuata. Basi. Foleni ilikuwa ndefu, wamama tumejaa mpaka kwenye ngazi, kwa hiyo simlaumu sana, ila ile sentensi moja niliibeba mpaka nyumbani kama dawa yenyewe na nikaifuata kwa moyo wangu wote.

Nikala mchicha. Mchana mchicha, usiku mchicha, wiki sita nzima. Dada anayeuza mboga pale mtaani kwetu alishanizoea, akiniona tu anauliza "mama kijacho, leo mawili au matatu?" na mimi nasema matatu. Na kila nikimaliza kula nilikuwa nashushia na chai ya rangi, kikombe kile kikubwa, maana maji matupu yalikuwa yananitia kichefuchefu. Hata vidonge nilikuwa navimeza kwa hiyohiyo chai. Niliporudi kupima ikatoka 9.6. Mjamzito anatakiwa awe na angalau 11. Nililia ndani ya daladala, nakumbuka mpaka leo, mama mmoja asiyenijua akanishika bega hakuuliza kitu.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kufuatilia sana habari za mboga, nasoma majedwali ya lishe usiku mtoto akishalala, naulizia watu, napima vitu jikoni. Na nikiona zile listi mnazotumiana kwenye magrupu, mboga kumi bora, namba moja hii namba mbili ile, roho inaniuma kwa sababu najua kuna dada mahali anaifuata kama mimi nilivyofuata. Zile listi zinahesabu kilichomo kwenye jani likiwa bado bichi. Kinachobaki sufuriani ni hesabu nyingine, na kinachoingia mwilini mwako ni hesabu ya tatu, na hiyo ya tatu ndo inayopanda kwenye kipimo cha kliniki.

Ngoja nianze na hiyo hesabu ya kwanza maana nayo ina mambo yake.

Siku moja nilichukua mzani wa kupimia unga wa keki nikapima fungu la mchicha la shilingi 500. Likiwa zima na mizizi yake na udongo lilikuwa gramu 380. Nikakata mizizi, nikatoa yale majani ya njano na yaliyotobolewa na wadudu, nikabakiza vile vishina laini kwa sababu mimi sivitupi, nikabaki na gramu 240. Nikaosha, nikakatakata, nikatia sufuriani na kitunguu na nyanya, na wote mnajua kilichofuata, ule mlima ukanywea ukawa kama ngumi mbili za mtu mzima. Sasa jedwali la lishe la USDA, wizara ya kilimo ya Marekani, linasema mchicha mbichi gramu 100 una madini ya chuma kama miligramu 2.3. Kwa hiyo fungu langu zima lilikuwa na kama 5.5. Mjamzito kwa siku anahitaji miligramu 27. Na hiyo 5.5 ni kabla hatujaulizana ni kiasi gani mwili unakichukua, maana chuma cha kwenye mimea mwili unakifyonza kidogo sana ukilinganisha na cha nyama, sehemu kubwa inapita tu inatoka. Yaani hata ningekula yale mafungu matatu peke yangu bado nisingefika, na hakuna aliyewahi kunikalisha chini akanifanyia hiyo hesabu.

Lakini msiudharau mchicha kwa hilo. Uweke pembeni ya kabichi uone. Kabichi, gramu 100 hizohizo, chuma nusu miligramu, kalsiamu miligramu 40, vitamini A mikrogramu 5, ambayo ni karibu na hamna. Mchicha kalsiamu 215, vitamini A mikrogramu 146. Asidi ya foliki, ile wanayohimiza sana mwanzoni mwa mimba kwa ajili ya uti wa mgongo wa mtoto, mchicha ni mikrogramu 85 na kabichi 43, yaani mara mbili. Na ukienda sherehe utakuta kabichi limepikwa na karoti limewekwa kwenye hotpoti la maana, mchicha haupo, kwa sababu mchicha ni chakula cha mwisho wa mwezi. Hili jambo linanikera. Tumepanga mboga kwa heshima yake mezani badala ya kilichomo ndani.

Ila kabichi nalo lina haki yake na nataka niliseme vizuri. Vitamini C ya kabichi ni kama miligramu 37, ya mchicha 43, wanakaribiana kabisa, lakini nani anakula mchicha mbichi? Mchicha lazima upite kwenye moto na vitamini C haipendi moto wala maji mengi. Kabichi unalikata nyembamba unalitia kwenye kachumbari, unakamulia ndimu, unakula bichi, na ile vitamini inafika mdomoni ikiwa karibu yote. Kwa hiyo kwenye jedwali mchicha umeshinda na kwenye sahani kabichi limeshinda, na wote wawili hawajabadilika, ni sisi na masufuria yetu. Halafu kabichi linakaa wiki mbili bila friji. Mwenye familia ya watu tisa na hana friji anajua uzito wa hilo.

Na spinachi. Hapa nilikaa muda mrefu nikichanganya mambo. Unasoma mtandaoni spinachi ina hiki, spinachi ina kile, unaenda sokoni unanunua spinachi, yale majani makubwa yaliyokunjamana yenye bua jeupe pana. Ile sio spinachi ya kwenye hayo majedwali! Spinachi yetu ya Dar na Nairobi mara nyingi ni mmea mwingine, ndugu wa bitiruti, ambao Wazungu wanauita chard. Ni mboga nzuri tu, sina ugomvi nayo, ina vitamini A ya kutosha, ila chuma chake ni 1.8 na kalsiamu 51, chini ya mchicha wetu wa mia tano, na ina chumvichumvi ya asili zaidi ya miligramu 200 za sodiamu, kwa hiyo mwenye presha akiipika asiongeze chumvi kwa mazoea. Watu wanalipa zaidi kununua spinachi kwa sababu jina limesifiwa huko mbali, na lililosifiwa ni jani lingine.

Hiyo bitiruti nayo niiguse. Nilipoambiwa damu ndogo kila mtu alinishauri kitu chekundu. Juisi ya bitiruti, juisi ya rozela, wifi yangu akaniletea mpaka maji ya matembele yaliyochemshwa yakawa na rangi ya zambarau. Upendo mtupu, na nilikunywa vyote. Lakini wekundu wa bitiruti ni rangi ya mmea tu, hauhusiani na chuma, chuma chake ni 0.8, chini hata ya nusu ya mchicha. Kilicho kizuri kwenye bitiruti ni asidi ya foliki, ipo zaidi ya mikrogramu 100. Matembele yenyewe chuma ni kama 1.0, ila vitamini A 189, kwa hiyo kama una mtoto mdogo nyumbani matembele ni mboga ya maana sana hata kama sio kwa sababu tunayoambizana.

Sasa nije kwenye kilichoniumiza kichwa kuliko vyote, kalsiamu. Mchicha 215, sukuma wiki 232. Ukiangalia hivyo utasema ngoma droo. Kumbe kuna kitu kinaitwa oksaleti, ndo kile kinachofanya meno yawe kama yamepakwa chaki ukila spinachi nyingi, na kazi yake ni kuikamata kalsiamu na kuing'ang'ania mpaka inatoka nayo nje. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani, Robert Heaney na Connie Weaver na wenzao, waliwapima watu waliokula spinachi halisi wakakuta mwili umefyonza kama asilimia 5 tu ya kalsiamu yake, wakati ya maziwa ilikuwa kama 27. Miaka miwili baadaye wakapima keli, ambayo ni ukoo mmoja na sukuma, ikatoka kama asilimia 41, juu ya maziwa! Mimi niliposoma hiyo nilirudia mara mbili. Mchicha ni ukoo wa spinachi na una oksaleti nyingi, sukuma na chainizi na kabichi ni ukoo mwingine ambao hawana tabia hiyo. Kwa hiyo kwa mifupa, sukuma na chainizi ndo za kukimbilia, hasa nyumba ambayo maziwa ni ya kuonja. Chainizi watu wanasema ni maji tu, eti inapikika dakika mbili haina kitu, jamani ina kalsiamu kama 105 na nyingi ya hiyo mwili unaipata.

Bibi yangu Tanga alikuwa anachemsha mchicha kwanza anamwaga maji ya kijani ndo anaunga. Nikaja mjini nikafundishwa kwamba ule ni ushamba, unamwaga vitamini. Ni kweli vitamini C na asidi ya foliki zinaondoka na yale maji, lakini na oksaleti nayo inaondoka sehemu yake, na mtu mwenye mawe kwenye figo anaambiwa na daktari apunguze oksaleti. Kwa mtu wa namna hiyo njia ya bibi ni sahihi kabisa. Kwangu mimi mwenye mimba na nahitaji foliki, haikuwa sahihi. Bibi hakukosea na walionifundisha hawakukosea.

Aliyenifungua macho kuhusu damu ni mama mmoja mtu wa lishe, mtu mzima, nilikutana naye kwenye kliniki nyingine nilikohamia. Hakuniuliza nakula nini. Aliuliza "ukishakula, unakunywa nini?" Nikamwambia chai. Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba chai na kahawa zina vitu vinavyokikamata chuma cha mboga, ukinywa pamoja na chakula unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya kile kidogo ambacho mwili ungechukua, na vidonge vya chuma vivyohivyo. Chai isogee, saa moja au mbili baada ya kula. Vidonge kwa maji au juisi ya machungwa. Mchicha uukamulie ndimu ukishaepua, sio ukiwa jikoni, maana vitamini C inakifanya chuma cha mmea kiwe rahisi kufyonzwa. Na uweke dagaa. Hata kiganja kimoja cha dagaa, kwa sababu samaki na nyama vikikaa sahani moja na mboga vinakivuta na kile chuma cha mboga kiingie.

Nilitoka pale nikiwa na hasira na furaha kwa pamoja. Wiki nne baadaye 10.3, halafu 11.1 karibu na kujifungua. Vidonge ndo vilibeba mzigo mkubwa, nalisema wazi ili mtu asije akaacha dawa zake kwa ajili ya ndimu. Lakini vidonge vilevile nilikuwa navimeza mwanzo na havikufanya kazi, kwa sababu nilikuwa navizamisha kwenye chai. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 Tanzania, umri wa miaka 15 hadi 49, wana upungufu wa damu. Nusu ya sisi karibu. Na hili la chai linasemwa kwa sekunde kumi.

Mafuta nayo yasisahaulike. Vitamini A ya kwenye majani na karoti inahitaji mafuta kidogo ili iingie, na karoti ina mikrogramu 835, hakuna jani hapa linaloifikia, ila ukimpa mtoto karoti mbichi tupu atapata sehemu ndogo tu. Mchicha wa nazi wa kwetu Tanga, au majani ya kunde yaliyoungwa karanga, wale waliotutangulia walishaweka mafuta humo bila jedwali lolote. Majani ya kunde pia yana protini, gramu 4 kwenye 100, sio mchezo kwa jani.

Ukisema protini ya jani basi kisamvu ndo mwenyewe, kama gramu 7. Ndugu zetu wa Kongo wanaita sombe na wanaiheshimu kuliko sisi. Lakini kisamvu ukikila bila utaratibu kina sumu, jani la muhogo lina kitu ambacho kikikutana na kimeng'enya chake kinatoa sianidi. Ndo maana kinatwangwa. Zamani nilidhani kutwanga ni kulainisha tu, kumbe kule kuponda ndo kunavikutanisha hivyo viwili, sumu inatoka, halafu unachemsha muda mrefu bila mfuniko mwanzoni, ile hewa inaondoka. Siku hizi wanauza kilichosagwa tayari kwenye mfuko, sawa, ila bado kichemke vya kutosha. Vitamini C usiitafute humo, kwa saa zote zile za jikoni imeshakwenda. Unakula kisamvu kwa ajili ya protini na madini, na tui zito juu yake.

Mume wangu ni mtu wa Mpwapwa, na mama mkwe wangu anakausha mlenda na majani ya kunde kila mwaka mvua zikiisha, kwa sababu kule kiangazi hakuna kijani, mboga ya Septemba ni ile uliyoikausha Mei. Anaanika juu ya bati, jua kali, siku mbili limekuwa kama karatasi. Nilikuwa nimesoma kwamba mwanga wa jua unaua vitamini A, bora kuanika kivulini penye upepo, nikamwambia kwa adabu zote. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, kivuli chako kitanikaushia lini, na mbuzi hawa?" Sikuwa na jibu. Lakini jioni nikamkuta amefunga chandarua kuukuu chini ya kibanda cha kuni, nusu ya majani ameyatandaza mle, nusu kayaacha batini. Siku ya tano akaniita, ameshika majani mkono huu na mkono huu. Ya batini yamekuwa rangi ya tumbaku. Ya kibandani bado ya kijani, yana harufu ya shamba. Akayaweka kwenye gunia mbili tofauti, hakusema neno, ila mwaka uliofuata nilikuta chandarua kipya.

Magadi ndo tumeshindwana. Anatia magadi mlenda uvutike na majani yaive haraka, na magadi yanaimaliza vitamini C, tena haraka. Hapo sijamgusa tena. Mlenda bila magadi kwake sio mlenda, na mimi nakamulia ndimu kwenye sahani yangu mambo yanaenda.

Kuna profesa wa Kenya, Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT), ametumia maisha yake kutafiti hizi mboga za asili, managu, saget, terere, kunde, mboga ambazo watu walikuwa wanaziita magugu wakizing'oa ili wapande sukuma. Mwaka 2014 alipewa tuzo ya sayansi inayoitwa Edinburgh Medal kule Uskoti. Na hapa kwetu Arusha kuna kituo cha World Vegetable Center ambacho kinakusanya mbegu za mchicha na mnavu na mgagani zisipotee. Huwa nafurahi sana nikifikiria kwamba kuna mtu na digrii zake kakaa ofisini anahesabu mbegu za mnavu. Bibi yangu angependa kujua.

Nimalizie na baba mkwe maana ndo kanifanya niandike hii. Mwaka jana alipata donge la damu mguuni, akaanzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Mtu mmoja wa kijijini akamwambia usiguse mboga ya kijani kabisa tena, akaacha, mzee aliyekula mlenda maisha yake yote akawa anakula ugali na maharage tu, ananyong'onyea. Sababu ipo, vitamini K inapingana na ile dawa, na mchicha una vitamini K mikrogramu zaidi ya 1,100 wakati kabichi lina 76. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza kwenye jedwali lenyewe, kabichi la sherehe likawa ndo lenye nafuu. Lakini daktari wake alipoulizwa alisema hahitaji kuacha, anahitaji kisibadilike, kiasi kilekile siku zote ili dozi ipangwe juu yake, na asiruke vipimo.

Mama mkwe akatafuta kibakuli kimoja cha bati cha bluu, kidogo, kilichokuwa cha uji wa wajukuu. Kila jioni anakijaza mboga usawa wa mstari uliochubuka rangi, anakikung'uta kwenye sahani ya mzee, na akija mgeni akataka kumuongezea baba mboga kwa heshima, mama anaunyanyua mkono, "hapana, chake kimeshapimwa."